Kemia ya Kumpokea Mama Mkwe

Nilipata F ya Kemia kidato cha nne, na kwa miaka ishirini na mitano F hiyo haikuwahi kuninyima usingizi. Nilikwenda upande wa biashara, nikawa mhasibu, nikaoa, nikajenga. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza mmenyuko wa kikemia una aina ngapi. Kisha mama mkwe akapiga simu.

Alipiga Jumatatu usiku, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa wala haombi ruhusa: Jumamosi alfajiri anapanda basi Moshi, jioni yuko Dar, atakaa wiki mbili. Mke wangu akafurahi. Mimi nikafurahi kwa mdomo, huku macho yakiwa yameshatoka nje kwenda kulitazama geti.

Geti lile tuliliweka mwaka tuliohamia Kigamboni. Fundi aliyelichomea aliniambia litanizika. Miaka minne baadaye mimi nilikuwa mzima, na geti ndilo lililokuwa likielekea kaburini. Nyumba yetu iko karibu na bahari kiasi kwamba usiku ukitulia unasikia mawimbi. Dalali aliyasifu sana mawimbi hayo, ila hakutaja kwamba upepo unaoleta sauti yake unaleta na chumvi. Chuma, maji na oksijeni vikikutana huoana polepole, na chumvi ndiyo mshenga anayeharakisha mambo. Upande wa chini geti lilikuwa linabanduka tabaka kwa tabaka kama chapati, na juzi yake paka wa jirani alikuwa amepita kwenye tundu bila hata kuinamisha kichwa.

Shuleni hii iliitwa muungano: vinaingia viwili au zaidi, kinatoka kimoja. Mwalimu wetu wa Kemia alifundisha kwa Kiingereza, kama mtaala ulivyotaka, nasi tukakariri, kama fimbo ilivyotaka. Niliweza kutamka dikomposisheni na displasimenti bila kujikwaa, ila ungeniuliza ni nini ningekutajia ukurasa. Siku alipoomba mfano wa muungano nilinyoosha mkono kwa mara ya kwanza muhula ule, nikasema: Mwalimu Nyerere kuchanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, mwaka 1964. Darasa likapiga makofi. Mwalimu akasubiri makofi yaishe, akasema hapana, ule si muungano wa kikemia, ule ni mchanganyiko tu, maana mtu mwenye subira na lenzi nzuri angeweza kukaa chini akautenganisha chembe kwa chembe. Halafu akanyamaza. Akatazama mlangoni. Akafuta ubao ambao haukuwa na kitu, akasema tuendelee na magnesiamu.

Kutu, basi, ni muungano wa kweli. Huwezi kukaa chini na lenzi ukaibembeleza oksijeni ikurudishie chuma chako.

Alhamisi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akanipa maelekezo kama daktari: piga msasa, futa vumbi, paka redoksaidi, ikikauka ndipo upake rangi ya mafuta. Nikanunua kopo la lita nne la redoksaidi na jingine la rangi ya bluu. Nilipiga msasa kwa saa tatu. Nilikuwa mwekundu kuanzia kope hadi soksi. Nilipokaa kupumzisha mkono, nikaanza kusoma maandishi madogo ya kwenye kopo, kwa sababu mhasibu hawezi kukaa karibu na maandishi madogo asiyasome. Unga mwekundu unaoipa redoksaidi rangi yake ni oksidi ya chuma. Oksidi ya chuma ndiyo hiyo hiyo kutu.

Nilikuwa nimekwangua kutu ya bure asubuhi nzima ili nipake kutu ya kununua.

Ni kweli kwamba hii ya kopo imesagwa ikalainika, ikachanganywa na mafuta yanayoganda na kuziba njia ya hewa na maji, kwa hiyo inalinda pale ambapo ile ya bure inakula. Hilo nalielewa. Lakini mke wangu aliponiuliza fedha imekwenda wapi, sikuona namna nzuri ya kuanza sentensi.

Kile kipande cha chini kilichooza nilikuwa nimekikata, na kijana wa chuma chakavu akapita na mkokoteni wake. Hapo elimu ikanipanda. Nikamkumbuka Lavoisier, yule Mfaransa aliyepima kila kitu kabla na baada, akaonyesha kwamba chuma kikishikana na hewa kinaongezeka uzito, kwa sababu hewa nayo ina uzito wake. (Walimkata kichwa mwaka 1794, na si kwa ajili ya kemia: alikuwa mmoja wa waliokusanya kodi ya mfalme. Sisi tunaoshughulika na hesabu za kodi habari hii hatuipendi.) Nikamweleza kijana kwamba kwa haki bati langu sasa ni zito kuliko siku niliyolinunua, na ningependa alizingatie hilo. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. Kisha akachukua nyundo, akaligonga bati mara tatu, kutu yote ikamwagika chini.

“Sasa tupime, mzee,” akasema.

Ijumaa ilikuwa zamu ya choo. Dada wa kazi alikuwa amekwenda kwao msibani, mke wangu yuko zamu ya mchana, na mimi asubuhi, nikiwa bado nina kiburi cha geti, nilikuwa nimetamka maneno ambayo mwanamume asiyatamke kabla ya chai: “Choo niachie mimi.”

Kwanza nikamimina dawa ya choo, ile kali ya kuondoa madoa ya njano. Madoa yakapungua nusu. Nikafikiri kihasibu: ikiwa dawa moja inatoa nusu, mbili zitatoa zote. Nikachukua chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo kila mtu anaiita jiki hata ikiwa na jina jingine, nikamimina juu yake kwa ukarimu.

Kulitokea sauti kama ya dagaa wakitumbukizwa kwenye mafuta. Halafu ikapanda harufu ya bwawa la kuogelea lenye hasira. Macho yakajaa machozi, koo likafunga, kifua kikakataa kazi. Sasa hivi naweza kukueleza kilichotokea, maana nilikisoma jioni ile kwa bidii ambayo mwalimu wangu hakuwahi kuiona: dawa ya choo ni asidi, jiki ni haipokloraiti ya sodiamu, na asidi ikiikuta haipokloraiti inaifungua klorini iliyokuwa imefungiwa humo, ikatoka ikiwa gesi. Ni gesi ile ile Wajerumani waliyoifungulia mitungi kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Aliyeisimamia kazi ile, Fritz Haber, ndiye pia aliyekuwa amegundua namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni ikawa amonia, ambayo ndiyo inayotengenezewa mbolea ya yurea tunayoweka kwenye mahindi. Alipewa Nobeli ya Kemia ya mwaka 1918 kwa hiyo amonia. Mimi kwa mkono wangu mmoja nilikuwa nimefanya ile kazi yake nyingine, ndani ya chumba cha futi tano kwa sita chenye dirisha dogo kama bahasha.

Nilikumbuka kwamba kwenye moshi mtu anainama, kwa kuwa hewa safi iko chini. Nikainama. Kanuni hiyo ni ya moto. Klorini ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo iko chini inakusubiri. Nilipoinama tulikutana ana kwa ana.

Nilitoka kwa magoti, nikapita sebuleni, nikapita uani, nikalisukuma geti kwa viganja viwili na kifua. Geti ambalo asubuhi ile ile nilikuwa nimelipaka rangi ya bluu.

Jirani yetu, mzee aliyefanya kazi melini zaidi ya nusu ya umri wake, alikuwa amekaa barazani na kahawa. Alimtazama mtu wa bluu upande wa mbele, anayekohoa na kulia, akaweka kikombe chini taratibu.

“Umechanganya,” alisema. Hakuwa anauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Acha milango wazi, kaa huku nje, usirudi mpaka harufu iishe. Ikiisha, maji mengi. Na uende hospitali kifua kikiendelea kukubana.” Kisha, baada ya kunywa funda moja: “Mkwe anakuja lini?”

Kifua kiliachia baada ya saa mbili. Kwenye geti hadi leo kuna alama ya viganja viwili na vifungo vinne vya shati.

Nilikaa kwenye baraza la mzee yule hadi magharibi, na kwa kuwa mtu aliyekosa pumzi hufikiri mambo ya kale, nikafikiri ndoo ya bibi. Maana hii haikuwa mara yangu ya kwanza kuchanganya vitu viwili bila kuuliza.

Nilikuwa na miaka tisa, Machame, kwa babu. Kahawa yake ilikuwa imeingiwa na chulebuni na kutu ya majani (utaona kwamba kutu na mimi tumejuana siku nyingi), na dawa yake ilikuwa mrututu na chokaa. Mrututu ni sulfeti ya shaba, chumvi ya bluu nzuri kiasi kwamba mtoto anatamani kuila, na sababu kubwa ya watoto kutokuila ilikuwa babu kusema kwamba atakayeila hatazikwa kwenye kihamba cha ukoo. Unayeyusha mrututu kwenye maji, unakoroga chokaa kwenye maji mengine, unavichanganya, unapata uji wa samawati wa kunyunyizia. Mchanganyiko huo ulianzia kwenye mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa. Wakulima wa kule walikuwa wakiipaka mizabibu iliyo kando ya njia ili zabibu zionekane na sumu na wapita njia wasizichume. Profesa mmoja, Millardet, akapita, akaona kwamba mizabibu iliyopakwa dhidi ya wezi ndiyo isiyougua ukungu, akaufanyia utafiti na kuutangaza mwaka 1885. Kwa hiyo dawa iliyookoa kahawa ya babu yangu ilibuniwa ili kumtisha mdokozi, na kama ungemjua babu, ungejua ingemfurahisha zaidi kwa kazi ile ya kwanza.

Babu aliniambia nikayeyushe mrututu kwenye pipa la mbao. “Usitumie bati.” Pipa lilikuwa mbali, ndoo ya bibi ilikuwa karibu, mpya, ya bati, inang'aa, aliinunua kwa fedha ya ndizi kwa ajili ya mbege yake. Nikayeyusha humo, nikaiacha usiku kucha.

Asubuhi maji yalikuwa yamepauka, bluu yake imekwenda sijui wapi. Ndani ya ndoo kulikuwa na tope jekundu, la rangi ya senti za zamani. Nilifikiri nimetengeneza mali. Nikainyanyua ndoo nimwonyeshe bibi, na maji yakaanza kunidondokea mguuni kupitia tundu tatu.

Hili nilikuja kulielewa miaka sita baadaye, siku mwalimu wa Kemia, na hapa namvulia kofia, alipoacha Kiingereza kwa dakika tano. Alisema: fikirini daladala. Sulfeti ni kiti. Shaba amekikalia. Anapanda zinki, ambaye ni mbabe kuliko shaba. Anamwinua, anakaa yeye. Shaba anabaki amesimama mlangoni, mwekundu kwa aibu. Akishuka zinki anapanda chuma, naye ni mbabe kuliko shaba, mambo ni yale yale. Iko orodha nzima ya ubabe: potasiamu na sodiamu juu, hawashikiki hata na maji, dhahabu chini kabisa, hagombanii kiti na mtu, ndiyo maana unaikuta imekaa yenyewe mtoni inang'aa. Bati la ndoo ni chuma kilichovishwa zinki. Mrututu uliwakuta wote wawili wamesimama, wakakimbilia viti, ndoo ikatoboka. Zamu ya chokaa ni tofauti: pale mrututu na chokaa hubadilishana viti kwa hiari, shaba anahamia kwa haidroksaidi, kalsiamu anahamia kwa sulfeti, hakuna anayebaki amesimama. Darasa zima lilielewa. Mtihani ulipokuja ulikuwa kwa Kiingereza, na daladala halikuwamo.

Bibi alinichapa, babu naye akanichapa kwa niaba ya pipa. Hadithi ya ndoo ikabaki katika ukoo, na nilipooa nikamsimulia mke wangu tukiwa bado tunasimuliana kila kitu, kosa ambalo vijana hulifanya.

Jumamosi nikaamka na sauti ya jogoo mwenye mafua, nimeazimia kupika. Mama mkwe anapenda maharage, na maharage yangu yalikuwa ya msimu uliopita, magumu kama kokoto. Dawa ya maharage magumu kila mtu anaijua: magadi. Yale ya kwetu yanatoka Ziwa Natron, chini ya Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani iliyo hai ambayo lava yake imejaa kabonati ya sodiamu, kwa hiyo ukitaka kujisifu unaweza kusema maharage yako yamelainishwa na mlima. Kinachotokea sufuriani ni daladala tena: kalsiamu ndiyo inayoshikilia kuta za punje zisiachane, na sodiamu inaingia kwa wingi na kuchukua nafasi yake. Kuta zinalegea, punje inaiva.

Inatakiwa kipande kama punje ya hindi. Mimi, kwa kuogopa aibu ya maharage mabichi mbele ya mkwe, niliweka kama ngumi ya mtoto. Kisha nikaongeza mafuta, kwa heshima.

Mwako ndio mmenyuko pekee uliokwenda vizuri wiki ile: gesi ilikubali kwa kiberiti cha kwanza, moto wa bluu, sufuria halikupata hata sizi. Nikamwachia jiko binti yangu Upendo, ambaye yuko kidato cha pili na anasoma Kemia, nikaenda stendi ya Mbezi. Nilipofika Ubungo akanitumia ujumbe: “Baba, maharage yanatoa povu.” Nikamjibu apunguze moto. Dakika kumi: “Nimepunguza. Bado. Yananukia kufua.”

Mama mkwe alishuka kwenye basi akiwa amepakata dumu la lita tano kama mjukuu. Safari yote ya kilomita mia tano na ushei alikuwa nalo mapajani. Mbege ya mikono yake mwenyewe: ndizi mbivu, kimea cha ulezi, msesewa kwa ajili ya uchungu. Mdomo wa dumu alikuwa ameuziba kwa jani la mgomba lililokunjwa, na kifuniko amekiketisha juu tu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Shika hili. Usikaze.”

Nilisikia “shika hili”. Ile “usikaze” ilinifikia baadaye, kama barua. Gari lilikuwa la kuazima, viti vyake vya kitambaa, nami nikawaza mbege ikimwagika humo nitamwambia nini mwenye gari. Nikatoa jani, nikakaza kifuniko kwa nguvu zote za mtu anayetazamwa na mama wa mke wake, nikaliweka dumu kwenye buti.

Mbege ni mtengano. Hamira inaishika sukari ya ndizi na kuivunja vipande viwili: pombe, ambayo wazee wanaijali, na kabonidaioksaidi, ambayo hakuna anayeijali mpaka ikose njia. Kule Machame kwenye ubaridi kazi hiyo inakwenda kwa mwendo wa mzee anayetoka ibadani. Dar es Salaam, ndani ya buti, jua la mchana, foleni kutoka Mbezi hadi Daraja la Nyerere, hamira ilifanya kazi kama kibarua wa kulipwa kwa tripu. Saa mbili na nusu. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma, akisimulia habari za misiba, na mara mbili akauliza: “Hukukaza?” Mara mbili nikajibu kwamba liko salama kabisa.

Getini walikuwa wamejipanga kina mama wa jumuiya ya mke wangu, wamekuja kumpokea mgeni kwa sala. Mbele yao alisimama mlokole mmoja maarufu, adui mkubwa wa pombe katika mtaa mzima, Biblia mkononi. Nikafungua buti. Dumu lilikuwa limevimba pande zote, limekuwa mviringo, likiwekwa chini linayumba. Mtu mwenye busara angeondoka. Mimi niliona aibu dumu la mkwe kuonekana limeharibika, nikashika kifuniko.

Sitasema mlipuko. Ilikuwa chemchemi, yenye sauti ya “pwaaa” ndefu, na ilipanda juu ya kichwa changu, ikapiga geti la bluu, ikapiga alama za viganja vyangu, ikageuka na upepo wa bahari, ikamwangukia mlokole kuanzia kilemba hadi ncha ya pua. Mtaa ukanyamaza. Mzee baharia kwenye baraza lake akasimama, kama mtu anayeipigia saluti bendera. Mlokole akafumba macho. Ulimi wake ukatoka, bila kukusudia nina hakika, ukapita juu ya mdomo, ukarudi ndani, naye akabaki amefumba macho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Imeiva,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

Kwenye dumu zilikuwa zimebaki kama lita mbili. Mama mkwe hakusema neno. Aliniondolea dumu mikononi kama mtu anavyomwondolea mtoto kisu, akachomoa jani jingine mfukoni (alikuwa na la akiba!), akaliziba, akaingia ndani.

Jikoni Upendo alikuwa amesimama mbali na sufuria, na daftari lake la Kemia kifuani. Maharage yalikuwa yamegeuka uji mweusi mweusi wenye povu. Nilionja. Mafuta na magadi vikichemka pamoja vinaanza safari ya kuelekea kuwa sabuni. Haya hayakuwa yamefika, lakini yalikuwa yamekata tiketi.

Mama mkwe naye akaonja. Akatafuna polepole, ijapokuwa hapakuwa na cha kutafuna.

“Magadi kiasi gani?”

Nikamwonyesha kwa ngumi. Alivyonitazama, nikaipunguza ngumi.

Akaomba ndimu. Akakata tatu, akakamua ya kwanza. Sufuria likachachamaa, “shiii”, povu jeupe likapanda hadi ukingoni na kushuka. Akakamua ya pili, mchachamao mdogo zaidi. Ya tatu aliikamua tone kwa tone, akionja kila mara, kichwa ameinamisha pembeni kama fundi redio anayetafuta stesheni. Upendo alikuwa ameshafungua daftari na anaandika haraka: asidi ya ndimu, kabonati ya magadi, chumvi, maji, gesi. Mchuzi ukapauka, weusi ukaondoka ukarudi wekundu wekundu, kama chai ya rangi inavyofanya ukiitia ndimu. Pale shuleni tulilifanya hili kwa bureti na pipeti na tone la rangi, na mimi nilivuta pipeti kwa mdomo nikameza. Huyu alilifanya kwa ulimi, amesimama, na mkoba bado uko begani.

“Bibi, ulisoma Kemia?” Upendo akauliza.

“Nilisoma la saba.” Akafunika sufuria. “Haya yatalika. Yana chumvi kidogo.”

Tuliyala. Yalikuwa na chumvi kidogo.

Baada ya chakula akafungua mizigo yake sebuleni, mbele ya kila mtu: mkungu wa ndizi, maparachichi, unga wa ulezi, kitenge cha mke wangu. Mwisho kabisa akatoa kitu kikubwa kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani, akakiweka miguuni pangu. Nikafungua. Ilikuwa ndoo mpya, ya plastiki.

“Nilisikia,” alisema, “wewe na bati hamuelewani.”